Goli la Siku ya Ishirini na Tisa

Faradji, fundi cherehani, alisimama golini kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote watu wa Gisenyi wanakumbuka goli moja tu. Hawakumbuki penalti tatu alizozuia siku moja dhidi ya timu ya Ruhengeri. Hawakumbuki mwaka 1953, alipovunjika kidole cha mkono wa kushoto dakika ya kumi akafungwa kipande cha shuka na kuendelea kucheza mpaka mwisho. Wanakumbuka mpira mmoja uliobiringika polepole, kama chungwa lililodondoka sokoni, ukapita kando ya mguu wake huku yeye uso ameuinua juu.

Alizaliwa katika mtaa wa Waislamu, nyuma ya soko, na alipokuwa na miaka kumi na mitatu aliwekwa kwa Mzee Sibomana ajifunze kushona. Sibomana alikuwa na cherehani moja kwenye baraza ya duka la vitambaa, na alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaa. Hakuwa na saa. Alikuwa akishona, kisha anasimamisha gurudumu kwa kiganja, anatazama kivuli cha ukuta, anatazama rangi ya maji ziwani, anavaa kofia yake na kuondoka. Wahindi wenye saa za mkononi walizirekebisha waliposikia sauti yake. Faradji alikaa miguuni pake miaka sita, akajifunza kukata kanzu na suruali za makarani, na mwisho wa miaka hiyo Mzee akampa binti yake, Saidati, amwoe.

Mpira aliuanza kama wenzake, kwa majani ya migomba yaliyofungwa kamba. Wenzake walitaka kufunga magoli. Yeye alipenda kusimama, kutazama na kungoja. Fundi cherehani anakaa siku nzima akifuata ncha ya sindano kwa jicho, na Faradji alikuwa na macho ya namna hiyo, macho yasiyochoka kufuata kitu kidogo kinachokwenda mbio. Vijana wa mtaa na wavuvi wa ufukweni walipounda timu moja mwaka 1948, hakuna aliyeuliza nani asimame golini.

Mwaka huo huo alikuwapo mjini Mskochi mmoja, Mzungu mtu mzima mwenye mvi, aliyeletwa kutengeneza injini za boti. Kiswahili chake alikiokota Nairobi, na alikizungumza kama mtu anayebomoa ukuta. Jioni alikuja kiwanjani na kiko chake, akasimama nyuma ya goli.

"Wewe angalia kiatu," alimwambia Faradji. "Hapana angalia mpira. Mpira nadanganya. Kiatu hapana danganya."

Alimsimulia habari za golikipa aliyemtazama utotoni kwao, kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu, zamani zile golikipa aliporuhusiwa kuushika mpira kwa mikono mpaka katikati ya kiwanja. Mtu yule alichimba makaa ya mawe wiki nzima, Jumamosi mchana akatoka shimoni, akanawa uso tu, akaenda kusimama kati ya milingoti na shingo nyeusi. Aliichezea timu ya mji wake miaka kumi na mitano.

"Halafu?" Faradji aliuliza.

"Halafu narudi shimo," alisema Mskochi. "Makaa ya mawe hapana jua mpira."

Faradji alicheka. Mskochi alimaliza injini zake akaondoka, lakini somo la kiatu lilibaki. Miaka kumi Faradji alitazama viatu vya watu, na kwa wasiokuwa na viatu alitazama vidole, na mpira ukamkuta mahali ulipokusudia kwenda. Watu walisema kwamba Faradji akiwa sokoni Gisenyi anamwona inzi aliyetua juu ya nyama sokoni Goma, ng'ambo ya mpaka. Mzee Sibomana alikuwa na kigoda chake nyuma ya goli. Mpira ukidakwa, alisema kwa sauti ya kutosha kusikiwa na jirani, "Huyu nilimufundisha mimi."

Lakini macho ya Mzee mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Wa kwanza kujua alikuwa Faradji. Mzee alimpa sindano amtilie uzi, akisema mikono yake imelowa, na mikono ilikuwa mikavu. Baadaye akawa anapima kitambaa kwa kupapasa, na kabla ya kwenda kuadhini alikuwa akimwuliza mkwewe kwa ujanja, kama mtu anayeongea tu, "Leo kivuli kimekimbia, eh?" Faradji alijibu, "Ndiyo Baba, kimefika kwenye jiwe." Walilijua jambo hilo watatu, Saidati pamoja nao, na hakuna aliyelitamka.

Ilikuwa Aprili ya 1958, mwezi wa mvua, Jumamosi, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Timu ya Goma ilikuwa ije kucheza saa tisa, lakini lori lao lilikwama kwenye tope kabla ya mpaka, wakalisukuma wenyewe, wakafika saa kumi unusu wametapakaa matope mpaka magotini. Wengine walisema mechi iahirishwe, waliofunga saumu wamechoka. Waislamu wa timu walikuwa sita. Faradji ndiye aliyekataa. Kila Ramadhani alijisifu kwamba njaa haimfiki mikononi. "Mi nikifunga ndio nadaka muzuri," alisema mbele ya wote. "Tumbo ikiwa tupu, mutu anakuwa mwepesi."

Basi wakacheza. Kabla ya mapumziko Goma walifunga moja kwa kichwa, goli ambalo halikuwa na wa kulaumiwa. Kipindi cha pili wenyeji walisawazisha. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mawingu, upande wa Goma, na watu waliozunguka kiwanja walikuwa wameanza kugawanya macho yao, jicho moja kwenye mpira, jicho moja magharibi, kwa sababu jioni ile ndiyo ya kutazamia mwezi. Ukionekana, kesho Idi. Usipoonekana, wanatimiza thelathini.

Goli alilolinda Faradji lilikabili magharibi. Kati yake na anga kulikuwa na mapaa ya mabati ya mtaa wao, na juu ya mapaa ulipanda moshi wa majiko. Wanawake walikuwa wakikaanga futari. Zilikuwa zimebaki dakika chache mechi iishe. Upepo wa ziwa ukageuka, ukamletea Faradji harufu ya sambusa, ya vitunguu na nyama katika mafuta ya moto, na tumbo lake, alilolisifu mbele ya watu, likajikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua alikuwa akiutazama moshi. Aliufuata kutoka kwenye paa, ukapanda, ukawa mwembamba, naye akaufuata tu kwa macho, kidevu juu, mate yamemjaa kinywani.

Beki mmoja wa Goma, aliyechoka na asiyeona wa kumpa mpira, aliupiga mbele bila nia. Uliruka mara mbili, ukabiringika. Phocas, mvuvi wa ufukweni aliyecheza beki mbele ya Faradji, aliuacha upite, kwa sababu mpira kama ule Faradji angeuokota kama mtu anavyookota kofia yake.

Ukapita. Ukaingia. Ukasimama wenyewe ndani ya goli, hata wavu haukuugusa.

Kisha kiwanja chote kikalipuka.

"Faradji! We unaangalia wapi, sha?"

"Mpira ya mutoto hii! Hata nyanya yangu angezuia!"

"Amelala! Golikipa amelala!"

Phocas alikuwa amegeuka, mikono kichwani. "Ayii, Faradji," alisema kwa upole ulioumiza kuliko kelele zote. "Ulikuwa unaona nini?"

Faradji aliwatazama. Nyuso zote za mtaa zilikuwa zimemgeukia. Kusema kweli kulihitaji neno moja tu, na neno hilo lilikuwa sambusa. Aliliona likitoka, akaona jinsi litakavyochekwa sokoni, msikitini, kwenye baraza ya cherehani, Ramadhani hii na zote zijazo. Mkono wake ukainuka wenyewe.

"Mwezi!" alipaza sauti. "Niliona mwezi! Ile pale, juu ya moshi!"

Watu mia tatu waligeuka pamoja. Palikuwa na mawingu, na kati ya mawingu ufa mmoja wa rangi ya manjano.

"Wapi? Iko wapi?"

"Imeingia mu wingu. Sasa hivi tu. Niliiona."

Na kabla mtu hajauliza la pili, sauti ilitoka nyuma ya goli, kutoka kwenye kigoda. Mzee Sibomana alikuwa amesimama, uso wake umeelekea angani, machozi ya furaha yakimtoka katika macho yaliyokuwa meupe kama maji ya mchele.

"Na mimi niliona," alisema. "Mwembamba kama uzi. Allahu akbar!"

Kelele za hasira zikageuka takbira. Watu walikumbatiana. Hakuna aliyeukumbuka mpira uliolala ndani ya goli isipokuwa watu wa Goma, walioshinda na hawakupata wa kumringia. Katika msukumano ule Phocas alimkaribia Faradji.

"Sha," alisema chini chini, kama rafiki anavyomwita rafiki, "leo mwezi haiko. Sisi watu ya ziwa tunavua usiku bila mwezi, tunahesabu giza, ndiyo kazi yetu. Itatoka kesho."

"We ni Mukristo," Faradji akamjibu. "Ya kwetu unaijua wapi?"

Phocas alimtazama kidogo, akaenda kuokota mpira. Walikuwa wamecheza pamoja miaka kumi, na Faradji hakuwahi kumtamkia neno la namna hiyo.

Mbele ya msikiti Mwalimu Ndayisaba, aliyeongoza sala na kufundisha watoto Kurani, aliwaita Faradji na Mzee Sibomana. Kwa mwezi wa kufungua, desturi inataka mashahidi wawili, tena waadilifu. "Basi, iko wawili," alisema. "Golikipa mwenye macho, na muadhini. Muape." Mzee aliapa kwanza, kwa sauti ya kuadhini. Faradji akaapa baada yake. Alisema baadaye kwamba hakusikia maneno yakitoka. Alisikia utamu wa mate tu.

Nyumbani Saidati alimwekea sahani. "Mtaa muzima wanakutaja," alisema, anacheka. "Kula basi. Nilikaanga tangu saa kumi, moshi ilinimaliza macho." Faradji alishika sambusa, ikamchoma vidole, akairudisha kwenye sahani.

Asubuhi ya Jumapili walisali sala ya Idi kiwanjani, kwa kuwa msikiti haukuwatosha. Walijipanga safu safu kwenye nyasi zilizolowa. Kanzu nyingi alizishona Faradji. Baada ya sala wakachinja ng'ombe wawili, masufuria yakapanda mekoni, na kabla ya saa sita watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, wakila pilau na kualikana kwa majina.

Ndipo akaja mchuuzi wa vitambaa kutoka Goma, mtu aliyejulikana na wote, na furushi begani. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alisimama katikati ya njia, akawatazama wanaotafuna.

"Ndugu zangu," alisema, "ni nini hii? Mimi nimefunga."

"Leo ni Idi, bwana! Njoo ukule!"

"Idi ya nani? Goma yote imefunga. Hata Bukavu, dereva amefika asubuhi, wamefunga."

"Hawakuambia nyinyi? Faradji aliona mwezi!"

Mchuuzi aliweka furushi chini taratibu. "Walituambia. Wachezaji wetu walileta habari. Donc, basi, shehe wetu akauliza, aliona saa ngapi? Wakamwambia, saa ile aliyofungwa goli. Shehe akacheka mpaka akakohoa. Akasema, ushahidi wa golikipa aliyefungwa goli ile si ushahidi, ni kujitetea."

Mikono ilisimama juu ya sahani. Mtu mmoja alimeza, na kila mtu alimsikia akimeza. Mwalimu Ndayisaba aliinuka kwenye mkeka wake, akasema kwa sauti ndogo, "Mwenye chakula mu kinywa, ateme. Na tungojee jioni."

Wakatema. Wanawake wakarudisha masufuria ndani na kuyafunika, watoto wakalia kwa kunyang'anywa Idi. Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko wowote wa mfungo. Mtaa ulikaa katika nguo zake mpya, ukingoja kujua kama umetenda dhambi.

Jioni anga lilikuwa safi. Hakuna aliyehitaji macho ya golikipa. Mwezi ulisimama juu ya vilima vya Goma, mwembamba mno, na kila mtu aliyeutazama alielewa kwamba mwezi mchanga kama ule haukuwa umeonekana jana katikati ya mawingu, jua likiwa bado halijatua.

Baada ya sala Mwalimu aliwaweka wale wawili mbele ya watu.

"Faradji. Uliona ao hukuona?"

Sitara yote aliyoitaka ilikuwa karibu, kama mpira unaomjia mtu kifuani. Watu walitaka kumsamehe. Macho yake yalikuwa fahari yao. Kuyakana ni kukubali kicheko cha Goma. Alitazama chini, akasema maneno ambayo kwa miaka iliyobaki ya maisha yake aliyaona mabaya kuliko kiapo.

"Nilifikiri niliona, Mwalimu. Halafu Muzee akasema na yeye ameona. Nikasadiki."

Kulikuwa na mnong'ono. Jana alisema kwanza yeye, na Mzee akafuata. Kila mtu alikuwapo. Lakini mnong'ono ule ulikuwa wa afueni. Watu waligeuza nyuso zao kwa Sibomana, wakayaona macho yake kama kwamba ndiyo mara ya kwanza, yale meupe, yaliyotazama pembeni kidogo ya anayesema naye.

"Na wewe, Muzee?"

"Niliona," alisema Sibomana. "Niliona jana, na naona bado."

"Muzee, hivi ni vidole ngapi?" mtu aliuliza nyuma, na wengine wakacheka, na Mwalimu akawanyamazisha, lakini hakumzuia yule aliyeinua vidole. Sibomana aligeuza uso akaitafuta sauti. Kesho yake adhana ilitolewa na mtu mwingine, mwenye saa.

Mtaa mzima ulilazimika kulipa siku moja. Waliilipa kila mmoja kwa wakati wake, na Faradji akajua kila aliyelipa. Mama mmoja mnene, Nyirahabimana, muuza viazi, alipita barazani mchana wa jua kali na kumpungia mkono. "Leo nalipa mwezi yako, Faradji!" alisema kwa utani tu, bila ubaya wowote, na Faradji akajichoma sindano kwenye ukucha.

Golini hakudumu. Walipokwenda Goma mwezi wa Juni, kila mpira uliporuka kuelekea goli lake, kiwanja kizima kilipiga kelele, "Mwezi! Mwezi!" na watu wakanyoosha vidole angani. Angeweza kustahimili matusi. Lakini kila waliponyoosha vidole macho yake yalipanda, hata alipoyakataza, kana kwamba kweli juu kulikuwa na kitu alichopaswa kukiona. Alifungwa manne. Mechi iliyofuata alifungwa matatu. Phocas alicheza mbele yake kama zamani, akazuia alichoweza, na hakusema lolote kuhusu yale maneno ya siku ile. Mnamo Desemba Faradji aliikunja fulana yake, akampelekea Phocas nyumbani, ufukweni.

"Mumupe mutu mwingine," alisema.

"Tutacheza bila wewe namna gani?"

"Mutacheza muzuri." Alisimama mlangoni. "Phocas, siku ile ulisema kweli."

"Najua," alisema Phocas. "Nilidhani utawaambia."

Mzee Sibomana aliendelea kuja barazani kila asubuhi, ameshikwa mkono na Saidati. Hakushona tena, macho yalikuwa yamepofuka kabisa. Aliupitisha uzi kati ya vidole, na akipata msikilizaji alimsimulia mwezi. Kila mara ulikuwa wazi zaidi. Ulikuwa umelala upande, ncha moja juu ya nyingine, rangi ya shaba iliyooshwa, na kando yake moshi ukipita. "Ndiyo kitu cha mwisho Mungu alichonionyesha," alisema. "Wamechukua adhana, wachukue. Ule mwezi ni wetu wawili, mimi na mukwe wangu." Na Faradji, gurudumu la cherehani mkononi, alielewa polepole kwamba Mzee hakudanganya siku ile. Alikuwa ameambiwa mwezi uko pale na mtu aliyemwamini kuliko macho yake, akageuza uso, akauona.

Machi ya 1959, siku chache kabla ya Ramadhani, Mwalimu alitangaza majina ya watakaotazama mwezi. Alisema pia kwamba ushahidi wa Sibomana hautapokewa tena katika jambo lolote. Mzee alisikia habari hizo barazani. Alinyoosha mkono mpaka akapata bega la Faradji.

"Ijumaa tuende," alisema. "Mi sitaki adhana. Nataka usimame uwaambie tuliona. Wewe watakusikia. Nimezeeka, mwanangu. Sitaki kuzikwa kama mutu ya ushahidi wa bure."

"Baba..."

"Mimi nilikupa kazi, nikakupa binti. Sijakuomba kitu. Naomba hii."

Ijumaa, baada ya sala, Faradji alisimama kati ya safu, na Mzee amemshika mkono juu ya kiwiko. Watu waliketi kusikiliza. Alikuwa na njia mbili, na zote alikuwa amezihesabu usiku na mchana tangu siku ile barazani. Akisema waliona, Mzee atafurahi, na yeye atakuwa ameapa uongo mara ya pili, ndani ya msikiti. Akisema hawakuona, Mzee atapotewa na mwezi wake. Alijaribu kutafuta maneno ya katikati. Hayakuwapo. Alikuwa amekwisha kuyatumia.

"Mwalimu," alisema. "Ndugu zangu. Mi sikuona mwezi."

Vidole vya Mzee vilikaza.

"Sikuona kitu. Nilikuwa naangalia moshi. Bibi yangu Saidati alikuwa anakaanga sambusa, na njaa ilikuwa imenishika, mimi niliyejisifu. Mpira ukapita. Niliogopa mutanicheka. Nikasema mwezi. Nikaapa. Halafu nikamusukumia Muzee. Hakunidanganya, mimi nilimudanganya. Yeye hana kosa hata moja. Mutu alimwambia kuna mwezi, na yeye alimusadiki."

Kicheko alichokiogopa mwaka mzima hakikuja. Pengine kingemsaidia. Watu walitazama mikeka. Mtu mmoja alisema, "Sambusa," taratibu, kama anayejaribu uzito wa kitu mkononi, na hakuna aliyemfuata.

Mkono ulikuwa umeondoka kwenye kiwiko chake. Mzee Sibomana alisimama peke yake, akiyumba kidogo.

"Uliona," alisema.

"Sikuona, Baba."

"Uliona! Nilikuwa nyuma yako. Uliona, na mi nikaona. Sasa watu wa Goma wamekuchekelea, na umeogopa, umeukana." Sauti yake ilijaa msikiti, ile sauti ya zamani. "Mwezi ya Mungu, unaikana kwa sababu ya kicheko! Saidati yuko wapi? Nani atanirudisha nyumbani?"

Phocas alikuwa nje na gari la mkono la samaki. Alimpokea Mzee, akamrudisha nyumbani.

Mwalimu hakumwadhibu Faradji. Alisema toba imekwisha kufanyika, na kwamba mtu asimtaje kwa jambo hilo. Na watu, kwa aibu yao wenyewe, kwa vile vidole walivyoinua mbele ya macho ya kipofu, wakamrudishia Sibomana adhana ya magharibi, moja tu, katika mwezi wa Ramadhani. Alikubali. Sauti bado alikuwa nayo. Kilichohitajika ni mtu wa kumwambia jua limezama.

Siku ya kwanza ya mfungo Faradji alisimama kando yake mbele ya msikiti. Alitazama ziwa, akatazama vilima. Jua liliingia lote, na ukingo wa mwisho ukazima.

"Baba, jua imezama."

Mzee hakuinuka. Uso wake ulielekea mbele, umetulia, kama mtu ambaye hajaambiwa kitu.

"Baba. Imezama."

"Saidati!" Mzee aliita kuelekea nyumbani. "Mwanangu, njoo uniangalilie jua."

Saidati aliacha jiko, akatoka uani, akavuka njia huku akikausha mikono kwenye kitenge. Alimtazama mumewe, akatazama magharibi, palepale alipokuwa amekwisha kutazama yeye.

"Imezama, Baba."

Hapo ndipo Mzee alipoinuka na kuweka viganja masikioni. Ikawa hivyo Ramadhani ile yote, na iliyofuata, mpaka Mzee alipofariki. Kila jioni Faradji alikuja, akasema, na hakusikilizwa; na katika nyumba zote za mtaa watu waliofunga walikaa na vikombe vya maji mikononi, jua limekwisha kuzama, wakimngoja mwanamke avuke njia.